Polio haijamalizana na Afrika

Wapo wazazi wanaoamini kwamba, kwa kuwa Afrika ilithibitishwa Agosti 2020 kuwa haina tena virusi vya asili vya polio, kampeni za matone ya chanjo zinazoungwa mkono na Rotary, shirika la kimataifa la kujitolea, tangu 1985 hazina kazi tena. Dhana hiyo ni ya hatari. Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa Lilongwe amepooza kwa virusi vyenye uhusiano na vya Pakistan, na Tanzania, iliyo jirani, ikachanja watoto wa chini ya miaka mitano nyumba kwa nyumba, wakiwemo waliokwisha kuchanjwa, maana dozi ya ziada haidhuru bali huongeza kinga. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, lakini huvieneza virusi kupitia kinyesi.