Nimonia ya kondoo: kuziba banda si kinga

Wafugaji wengi huamini kondoo hupata nimonia kwa kupigwa na baridi, basi huziba kila upenyo wa banda. Hapo ndipo wanapoharibu. Bakteria wanaohusika mara nyingi, Mannheimia haemolytica, huishi kooni mwa kondoo wenye afya bila kuwadhuru. Hushuka mapafuni kinga inapolegea: safari ndefu, kuachishwa kunyonya, msongamano, vumbi, na hasa hewa nzito ya mkojo. Amonia, gesi kali inayotoka kwenye mkojo huo, huunguza utando wa njia ya hewa, na vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje hushindwa kazi.

Chuchumaa bandani, pua yako iwe usawa wa pua ya mwanakondoo. Macho yakiwasha, hewa haifai, hata kama ukisimama husikii harufu. Acha matundu juu, chini ya paa. Ukuta wa chini uwakinge na upepo wakilala.

Kondoo anayejitenga na kuhema haraka mpime joto njia ya haja kubwa, akiwa ametulia kivulini. Likizidi 40°C, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kikohozi. Antibiotiki husaidia mapema. Pafu likishakuwa gumu, dawa hailipenyi vizuri.