Je, wajua kwa nini fundi aliye kwenye helikopta hushika waya wa kilovolti 400 bila kupigwa shoti?

Mtu hapigwi shoti kwa sababu tu waya una kilovolti nyingi. Hupigwa pale mwili wake unapokuwa njia ya umeme kutoka penye msongo mkubwa (volti nyingi) kwenda penye msongo mdogo, mara nyingi ardhini. Ndege aliyetua kwenye waya mmoja hana njia hiyo. Helikopta inayoelea pembeni ya waya haina pia, kwa kuwa chini yake ni hewa tupu. Ndiyo maana laini inaweza kukarabatiwa ikiwa hai, yaani umeme ukiwa unapita.

Hata hivyo, kuna umeme kidogo unaopita. Msongo wa laini huenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, na kila mara bodi zima la helikopta hujazwa chaji na kuondolewa. Mkondo huo ni mdogo, lakini cheche zake zingeunguza kidole kitupu. Kwa hiyo fundi huvaa suti ya kitambaa kisichoshika moto upesi, kilichofumwa pamoja na nyuzi nyembamba za chuma cha pua. Kofia, glavu na soksi zimeungana nayo, nayo imeungwa kwa waya kwenye bodi la helikopta. Umeme hupita juu ya suti, ndani hakuna kitu. Mwanasayansi Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1836 kwa chumba kilichozungushiwa metali.

Fundi hukaa kwenye jukwaa lililofungwa ubavuni mwa helikopta ndogo kama MD 500, na upande wa pili huwekwa uzito wa kusawazisha. Kabla ya kusogelea laini, kituo cha umeme huzima mitambo inayorudisha umeme yenyewe baada ya hitilafu, ili umeme wa laini ukikatika ubaki umekatika. Rubani anapokaribia, fundi hunyoosha fimbo ya metali. Cheche huruka kabla fimbo haijagusa na kuendelea kuvuma hadi iguse. Hapo hufunga kibanio kinachounganisha helikopta na waya, na kuanzia sasa helikopta, rubani na fundi wote wana msongo ule ule wa waya: kwenye laini ya kilovolti 400, takriban kilovolti 231 dhidi ya ardhi, maana hizo 400 hupimwa kati ya waya na waya.

Kibanio hutengenezwa ili kichomoke kikivutwa kwa nguvu, kwa sababu rubani lazima aweze kuondoka papo hapo. Wakati wa kuachana na waya, fimbo hurudishwa kwenye waya kwanza, kibanio hutolewa, kisha fimbo huvutwa haraka. Ukisitasita, cheche hubaki ikiunguza nyuzi za alumini.

Kazi ya kawaida ni kubadilisha vishikizi vinavyotenganisha nyaya mbili, tatu au nne za fungu moja. Upepo huzitetemesha, bolti hulegea, mpira huisha, na kishikizi kilicholegea huanza kusaga waya wenyewe.

Karibu na mnara mambo hubadilika. Mnara umeunganishwa na ardhi, na kati yake na waya kuna mita chache tu za vikombe vya kuzuia umeme. Panga za MD 500 zina kipenyo cha takriban mita 8, kwa hiyo helikopta ikijipenyeza hapo inaufupisha mwanya ambao ndio kinga pekee. Njia mojawapo ni kumshusha fundi kwa kamba ndefu isiyopitisha umeme, helikopta ikibaki juu. Kamba hiyo ikilowa au ikichafuka, haifai tena.

Cha kuogopwa zaidi ni injini. Ikizima wakati wa kuruka, rubani anaweza kushuka kwa kuacha hewa izungushe panga, ila anahitaji kimo au mwendo. Helikopta ya injini moja inayoelea mita 30 juu ya ardhi haina hata kimoja.