Ngao ya nguruwe dume haizuii risasi

Jamani hii stori eti nguruwe mwitu dume wa kule Texas ana ngao begani, bila bunduki ya kuulia tembo risasi inadunda tu, si kweli. Ngao ipo, ni nyama ngumu kama gegedu chini ya ngozi, ila kazi yake ni kuzuia meno ya madume wenzake wakipigana. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, ile ya saizi ya .308, yenye risasi isiyosambaratika ovyo inapita vizuri tu. Shida ni unapolenga, moyo wake uko chini na mbele kuliko wa kulungu, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele, sasa we ukipiga nyuma ya bega unatoboa tumbo anaishia vichakani huko. Na mibunduki mikubwa inapiga teke mpaka unafumba macho kabla hujavuta triga.