Kompyuta Ndogo ya Sampuli, na Pembe Iliyochelewa Kulia

"Mwanangu, mbona pembe yaniitikia? Mimi nataka ilie nami."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliyepiga vugo, ngoma ya wanawake inayoongozwa na pembe, kwenye arusi tangu ujanani. Alikuwa amekaa mkekani chumbani mwangu, pembe ya nyati mkono mmoja, kijiti mkono wa pili, hedifoni masikioni. Kila akigonga aliisikia pembe yake mara mbili: mara ya kwanza hewani, mara ya pili kutoka kwenye kompyuta, imebaki nyuma kidogo. Hakuwahi kurekodiwa kabla ya siku hiyo, lakini kwa pigo la pili tu alishagundua kitu ambacho vijana wengi wanaotengeneza midundo hukaa nacho miezi, wakidhani mkono wao ndio mzito.

Kompyuta haipitishi sauti kama mfereji. Huichota kwa kata: hungoja kata ijae, huyafanyia kazi yaliyomo, ndipo huyamimina. Kata hiyo ndiyo bafa. Kadi yangu ya sauti huipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, na siku ile nilikuwa nimeiacha bafa kwenye vipimo 1,024. Gawanya, utapata milisekunde 21. Sauti inachotwa ikiingia na inachotwa tena ikitoka, kwa hiyo pembe ilikuwa inachelewa zaidi ya milisekunde 42. Kwa anayesikiliza tu, si kitu. Kwa mpiga ngoma, mdundo umeshavunjika. Nilishusha hadi 128, chini ya milisekunde 3 kila upande, nikamwomba agonge tena. Hakusema neno, aliendelea kupiga, na bega likaanza kucheza.

Kata ndogo ina gharama yake, maana lazima uchote mara nyingi zaidi. Kompyuta isipowahi, utasikia sauti inakatika-katika na kupasuka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Ndiyo maana mimi hutumia 128 wakati mtu anapiga, kisha narudi 1,024 ninapochanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa, kwa kuwa hapo hakuna anayesubiri kusikia mkono wake. Na kama unatumia Windows, weka draiva ya ASIO (programu inayoipa sauti njia fupi kati ya kadi na kompyuta) ya kadi yako yenyewe kabla hujalaumu kitu kingine chochote.

Sasa kiboksi chenyewe. Ni kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, ukubwa wa kitabu kinene, prosesa ya kori nne. Muuzaji alinisifia prosesa tu. Kwa kazi ya sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa ili vilizwe kwa kubonyeza kitufe, mimi huuliza kwanza habari za memori na diski. Programu ya sampuli huweka mwanzo wa kila sauti kwenye memori ili ilie papo hapo ukibonyeza, na sauti ikiwa ndefu, sehemu iliyobaki huvutwa kutoka kwenye diski huku mwanzo unalia. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data; bonyeza sauti kumi kwa pamoja na kitaanza kuhangaika. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachohama. Nilipandisha memori kutoka gigabaiti 8 hadi 16 na kuweka SSD mbili, moja ya mfumo na programu, nyingine ya sampuli peke yake. Pesa hiyo sijaijutia hata siku moja.

Usitishwe na maktaba za piano zinazomeza makumi ya gigabaiti. Piga hesabu ya vitu vyetu. Pembe ile niliirekodi kwa nguvu tatu, pigo dogo, la wastani na kali, mara tano kila nguvu, maana sampuli moja ikirudiwa-rudiwa inasikika kama cherehani. Mapigo 15 ya sekunde mbili, chaneli moja, biti 24: hayafiki hata megabaiti 5. Mashine ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, iliyojenga midundo mingi ya hip hop ya Marekani, ilikuwa na nafasi ya kama sekunde 10 za sauti kwa jumla. Kiboksi chako kinaweza kubeba vugo, zumari, chapuo na tari za mji mzima.

Ukiwa kazini, zima Wi-Fi, na kwenye mpangilio wa umeme chagua nguvu kamili badala ya kubana matumizi.

Kinachohitaji uangalifu zaidi huku kwetu ni joto na chumvi. Mwanzoni nilikiweka kiboksi ndani ya kidaka cha ukutani, kwa sababu kilikaa vizuri mno, kana kwamba mwashi alikipima. Msimu wa kaskazi ulipoingia, sauti zikaanza kukatika kila baada ya nusu saa. Kidaka kimezibwa pande zote isipokuwa mbele. Hewa ya moto ilikuwa inazunguka mle mle, na prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe. Nilipofungua kifuniko nikakuta feni imeganda vumbi la chokaa lenye unyevu wa chumvi. Sasa kinakaa nje ya pazia la chumba, wazi pande zote, kimeunganishwa na kadi ya sauti kwa waya wa USB usiozidi mita 5, na nakisafisha kwa brashi laini kila mwezi. Maikrofoni nayo haisikii tena feni.

Stima ikikatika, kompyuta hii haina betri kama laptopu, kwa hiyo UPS, kile kiboksi cha betri ya akiba, ni lazima, angalau upate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma kwenye spika, huo mara nyingi ni umeme wa 50 Hz. Mwite fundi akague waya wa ethi kwenye soketi kabla hujanunua kadi nyingine. Kwangu waya huo ulikuwa haujafungwa kabisa.

Vidaka sikuviacha bure. Ukuta uliojaa mashimo hutawanya mwangwi badala ya kuurudisha wote kwa pamoja, kwa hiyo mpigaji namkalisha akivielekea, na maikrofoni iko mbele ya pembe kwa umbali wa shubiri mbili. Tunarekodi baada ya isha, mji ukishatulia. Punda akilia kati ya mapigo, tunangoja amalize, kisha mama ananyanyua kijiti tena.