Mashua, mshipi na matembezi Mafia: dhana potofu na ukweli

"Utende na Chole ni pua na mdomo, tutavuka saa yoyote."

Umbali kati ya kijiji cha Utende na kisiwa cha Chole ni mfupi kweli, ila kinachoamua ni kina cha maji. Wakati wa bamvua, maji ya Ghuba ya Chole hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mashua uliyoiacha inaelea utaikuta imelala ubavu mchangani. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili hivi zinazofuata. Siku hizo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa, lakini ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Anayefuata tarehe za mwezi mwandamo tayari ana ratiba mfukoni. Magofu ya Kua, kisiwani Juani, yapangie maji yakiwa juu, na kabla hamjang'oa nanga mkubaliane na nahodha saa ya kurudi.

"Maji yakianza kujaa, muda bado upo."

Hili ndilo linalowaponza wanaotembea kwenye mafungu ya mchanga. Maji hujaa kwa saa 6 hivi, lakini si kwa mwendo mmoja. Chukua siku ambayo yatapanda mita 3: saa ya kwanza huongezeka sentimita 25 tu, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75 tena, kisha kasi inapungua. Aliyelowa vifundo saa ya kwanza, mwisho wa saa ya tatu ana mita moja na nusu mbele yake, na mkondo juu yake. Geuza maji yanapogeuka. Usingoje yafike magotini.

"Ghuba ikiwa shwari, na nje ni shwari."

Si lazima. Ghuba imekingwa na visiwa na miamba, na maji mengi hupitia mlango wa Kinasi. Yakitoka kwa nguvu huku upepo na mawimbi ya bahari kuu yanaingia, mawimbi husimama mafupi na makali, mashua ikawa inapiga pua. Nahodha anayekwambia "tusubiri maji yasimame" haleti uvivu. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Septemba, kutoka nje mara nyingi hakufai kabisa.

"Jaketi la kuokolea ni la asiyejua kuogelea."

Aliyegongwa kichwa na foromali, ule mti unaobeba tanga, hajui kuogelea tena. Livae kabla ya kupanda, funga mikanda yote, kisha mwenzako akuinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.

"Mshipi ni mshipi, tupa popote."

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina kanda tatu, na katika kanda ya ulinzi kamili havuliwi hata dagaa. Ulizia kanda na kibali kwenye geti la hifadhi, njia ya Utende.

Dukani kumbuka namba za ndoana huenda kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Kwa changu wa kawaida, namba 4 hadi 1 inatosha, na kipande cha ngisi chenye upana wa kidole, ncha ya ndoana ikiwa nje. Watu hupenda kuweka chambo kikubwa. Changu hukidonoa kidogokidogo na kukuachia ndoana tupu. Chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, la gramu 50 hutosha maji yakisimama, lakini mkondo ukikaza huenda ukahitaji hata mara tatu yake, la sivyo chambo kinaelea mbali na chini. Na usizungushe mshipi kiganjani: kolekole mmoja akikimbia utakata nyama. Upitishe juu ya kidole cha shahada, na uliobaki uukunje kwenye kibao au ndoo, mbali na miguu.

"Papa potwe ni papa, atauma."

Hula viumbe wadogo anaowachuja majini. Hutafutwa upande wa Kilindoni, takriban Oktoba hadi Machi. Kaa mita 3 kutoka mwilini, zaidi kidogo mkiani, wala usimguse.

"Ndala zinatosha."

Mawe ya matumbawe huzichana, na kwenye mchanga wenye maji samaki aitwaye taa hujifukia. Vaa viatu vilivyofunika vidole na uburure miguu badala ya kuinyanyua; taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni hupiga mwiba. Ukichomwa, mkojo hausaidii. Osha jeraha, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Anayeyapima awe mwingine, kwa mkono wake, maana mguu wenye maumivu hauhisi unapoungua. Mwiba uliokatikia ndani usichokolewe, wahi zahanati.