Kiolezo cha tovuti: kinatosha lini, kinabana lini

Kiolezo cha tovuti ni sura iliyokwisha kupangwa: nembo hapa, picha pale, menyu juu, namba ya simu chini. Kazi yako ni kuweka maneno na picha zako. Huduma kama Squarespace (2003) na Wix (2006) hukupa kiolezo, kihariri cha kuburuta vitu kwa kipanya na mahali pa kuhifadhi tovuti, vyote kwa malipo mamoja. WordPress, nayo ya 2003, ina njia nyingine: programu ni huria na ya bure, unaiweka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) unayoilipia, kisha unachagua kiolezo kati ya maelfu.

Wengi hapa Kampala huanza na bei. Mimi ningeanza na swali hili: tovuti yako itasema tu, au itafanya kazi?

Fundi wa samani wa Nsambya anahitaji inayosema. Mteja aone vitanda na makabati, ajue karakana ilipo, abonyeze WhatsApp. Bei wataelewana wenyewe, maana nani ananunua kabati bila kuomba apunguziwe? Huyu akimlipa mtaalamu amwandikie tovuti kuanzia sifuri, anatupa pesa. Vivyo hivyo shule ndogo, msikiti, kanisa, au nyumba ya wageni ya Fort Portal ambayo nafasi za vyumba bado zinaandikwa kwenye daftari la mapokezi.

Sasa chukua kampuni ya mabasi ya Kampala hadi Arua inayotaka kuuza tiketi mtandaoni. Abiria anachagua kiti namba 14. Kiti hicho lazima kishikiliwe wakati anaingiza PIN ya MTN MoMo au Airtel Money, na akighairi kiachiwe. Mtandao ukikatika pesa zimeshatoka lakini jibu halijarudi, mfumo uweze kuuliza tena kama malipo yalifika. Na karani wa kituoni, anayepokea fedha taslimu, aone papo hapo kwamba kiti 14 kimekwenda, la sivyo watu wawili watakigombania alfajiri. Kiolezo cha kawaida hakiyajui haya. Kampuni kama Flutterwave na Pesapal hupokea malipo ya simu kwa niaba ya tovuti, lakini kupokea malipo ni jambo moja, kusimamia viti ni jingine. Hapo tafuta mfumo uliotengenezwa mahsusi kwa tiketi za mabasi, au mwite mtaalamu.

SACCO iko upande huohuo. Ukurasa wa kutangaza saa za kazi na masharti ya mkopo, kiolezo kinatosha. Lakini mwanachama akitaka kuona akiba yake mtandaoni, umeshaingia kwenye taarifa binafsi, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Usizikusanye kwa fomu iliyopachikwa tu kwenye kiolezo.

Jambo moja ambalo wauzaji wa violezo hawalisemi: onyesho lao linapendeza kwa sababu picha zake zilipigwa na mtu wa kulipwa. Weka zako za simu, ndipo uamue. Tena ufungue ukurasa kwa simu ya bei nafuu yenye bando, si kwa Wi-Fi ya ofisi. Video inayojicheza yenyewe juu ya ukurasa hula bando la mteja kabla hajaona bei hata moja. Na kiolezo cha kulipia ulichopewa bure na rafiki kikague vizuri. Nakala za wizi mara nyingi huja na msimbo hasidi, yaani programu ya kudhuru, ndani yake.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, uliza utatokaje. Tovuti ya Wix haihamishiki nzima kwenda kwenye seva nyingine. Ukihama, unajenga upya. Ya WordPress inahamishika, faili na hifadhidata yake pamoja. Na jina lako la .ug au .co.ug lisajiliwe kwako, si kwa kijana aliyekutengenezea tovuti, ili ukiacha kiolezo baadaye anwani ibaki ileile. Waliotegemea ukurasa wa Facebook peke yake waliona Januari 2021, ilipofungwa nchini, jinsi duka linavyoweza kutoweka usiku mmoja.