Majibu ya Kipimo cha Ubongo Yakitoka Safi, Usiache Dawa za Kifafa

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana: "Nimepimwa umeme wa ubongo, nikaambiwa hakuna kitu, mbona daktari bado ananiandikia dawa za kifafa?" Wengine hata hawaulizi. Wanaacha dawa siku ileile, na baada ya muda tunawakuta wodini. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchunguza mwenendo wa seli za ubongo, hivyo taasisi imeniomba nieleze kipimo hiki kinaona nini na nini kinakipita.

Nianze na seli yenyewe. Seli ya neva iliyotulia hutofautiana na nje yake kwa takribani milivolti 70. Ikichochewa vya kutosha, milango ya sodiamu kwenye utando wake hufunguka, chaji hugeuka kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde, na ujumbe husafiri. Kuna kemikali mbili za ubongo: glutamati huchochea, GABA hutuliza, na mizani kati ya hizo mbili ndiyo inayozuia seli zisifyatuke zote kwa mkupuo. Kwa mwenye kifafa mizani hiyo huyumba, kisha hurudi. Hilo neno "hurudi" ndilo watu wanalolisahau.

Nilipokuwa nasomea uzamivu, nilikaa mbele ya darubini nikiwa na kipande cha tishu chembamba kama ukucha. Kilitolewa kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa, naye aliridhia kitumike kwa utafiti. Kilikuwa kimezama kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, na ncha ya mrija wa kioo imeng'ang'ania seli moja, kwa mbinu iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Dakika zilipita, mstari kwenye skrini umelala. Nikaanza kuandika kwamba seli haina tatizo. Ghafla mstari ukapanda, ukabaki juu huku seli ikifyatua mfululizo, kisha ukashuka na kulala tena kama vile hakuna kilichotokea. Ningeondoka dakika moja mapema, ningeandika uongo bila kujua.

EEG, yaani hicho kipimo cha umeme wa ubongo, kina shida hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Hadi leo tunafanya alichofanya yeye: tunasikiliza kutoka nje ya fuvu. Tunachopata ni umeme mdogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za volti, uliochujwa na mfupa na ngozi, na chimbuko lililojificha ndani sana huenda lisionekane kabisa. Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 hadi 30, na siku ina dakika 1,440. Ndiyo maana karibu nusu ya wenye kifafa kweli hupata majibu safi mara ya kwanza. Daktari huamua kwa maelezo ya matukio yenyewe, hasa kama mtu ameanguka mara 2 au zaidi bila kichocheo, kwa kupishana zaidi ya saa 24. Kipimo humsaidia tu.

Na hapana, mashine hii haisomi mawazo, wala haipitishi umeme kichwani. Nimelijibu hili mara nyingi mno.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo tunapopoteza nafasi nyingi. Osha nywele usiku wa kuamkia kipimo na usipake mafuta wala jeli, kwa sababu elektrodi, yaani vinasa umeme tunavyobandika kichwani, hazishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Meza dawa zako kama kawaida isipokuwa umeelekezwa vingine. Usikeshe kwa uamuzi wako mwenyewe. Kupunguza usingizi hufanywa kwa agizo la daktari tu. Utaombwa upumue kwa nguvu kwa dakika 3, kisha utamulikwa taa ya kuwakawaka. Ukija na mafuta kichwani, kipimo kitaahirishwa. Ukikosa miadi mara 2 bila taarifa, faili hurudishwa kwa daktari aliyekuandikia, nawe utaanza upya na barua mpya. Fomu ya utafiti ni tofauti na fomu ya kipimo: ukikataa kuitia saini, matibabu yako hayabadiliki, na ukishatia saini unaweza kujitoa wakati wowote.

Dawa nazo haziondoi chimbuko. Nyingi hupunguza kasi ya ile milango ya sodiamu, nyingine huipa GABA nguvu, mradi zimo mwilini. Ukizikatisha ghafla, seli zinaweza kufyatuka bila kukoma. Degedege likipita dakika 5 ni dharura inayoweza kuua. Kuacha dawa kunawezekana kwa baadhi ya watu, kwa kawaida baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, na daktari hupunguza dozi polepole kwa wiki au miezi.

Jambo ambalo jamaa wa mgonjwa wanaweza kutufanyia, na linazidi kipimo kwa thamani, ni video ya simu. Mtu akianguka, kwanza mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie chochote mdomoni, na angalia saa. Mwingine aliye karibu ndiye arekodi: uso, macho yanaelekea wapi, mkono upi ulianza. Leteni hiyo video siku ya miadi.